Ndege ya Ziwani: Uchambuzi wa Kisa cha Modeli Iliyovuliwa Rangi Kisumu

Kijana alifika kwangu Jumapili jioni akitokea soko la Kibuye, boksi la viatu amelikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga mgonjwa. Ndani mlikuwa na ndege ya plastiki yenye urefu wa sentimita 36 hivi, bawa la kushoto limeng'oka na kulazwa kando. Chini ya bawa la kulia palikuwa na boya dogo, na boya hilo lilikuwa limelegea na kunywea kama mshumaa uliosahauliwa juani. Alama za vidole vyake zilikuwa zimezama ndani ya plastiki, kila mstari unasomeka.

"Mwalimu," akasema, "nimeharibu kitu cha babu."

Nilimkaribisha kwenye baraza, nikamwomba anisimulie alichofanya hatua kwa hatua. Alitaka kuondoa rangi ili aipake upya. Fundi mmoja wa kupuliza rangi za magari alikuwa amemwambia hakuna rangi inayoshindana na thina. Akanunua nusu lita, akalowesha pamba, akashika boya na kuanza kusugua. Rangi ilitoka upesi kweli. Sekunde chache baadaye vidole vilinasa.

Fundi yule hakumdanganya. Yeye hushughulika na mabati ya gari, na bati haliogopi thina. Plastiki inaogopa, na hapo ndipo kisa hiki chote kinapoanzia. Nimefundisha kemia miaka mingi na nimekuwa nikitengeneza modeli kwa muda mrefu zaidi ya huo, na karibu kila modeli iliyoharibika niliyoletewa iliharibiwa na mtu aliyeuliza dawa ipi inaondoa rangi kabla ya kuuliza kitu kilicho chini ya rangi kinaogopa nini.

Kwanza, ndege yenyewe. Ilikuwa Short Sunderland ya Airfix, kipimo cha moja kwa 72, seti ambayo kampuni hiyo ya Uingereza iliitoa mwaka 1959. Sunderland ni ndege ya maji: tumbo lake ni kama la mashua, injini nne juu ya mabawa, na maboya mawili pembeni ya kuizuia isilale ubavu ikiwa majini. Ndege halisi iliruka mara ya kwanza Oktoba 1937. Babu wa kijana alifanya kazi Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki hapa Kisumu, na seti hiyo alipewa na mkubwa wake Mwingereza aliyekuwa akifungasha kurudi kwao wakati wa uhuru. Akaiunganisha mwenyewe, akaipaka rangi mwenyewe, ikakaa sebuleni miaka na miaka. Halafu miaka ya tisini mjomba wa kijana, kwa nia njema kabisa, akaona imefifia, akaipaka gloss nyeupe iliyobaki kwenye kopo baada ya kupaka milango ya nyumba. Aliipaka kwa brashi, koti moja nene, bila kusugua rangi ya zamani wala kufuta vumbi. Mistari yote ya mabati iliyochongwa kwenye plastiki ikafunikwa, na ndege ikabaki kama iliyochovywa kwenye uji.

Mtu wa Kisumu anajua kwa nini mzee aliipenda. Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, walianza kutua ziwani hapa mwaka 1931 kwa ndege za Short Calcutta, kisha kuanzia 1937 zikaja zile kubwa za Short Empire zilizokuwa zikisafiri kutoka Uingereza hadi Durban. Mvulana aliyekua kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria kwa Kijaluo, miaka hiyo aliona ndege ikishuka juu ya maji kabla hajaona ndege ikishuka juu ya lami. Sunderland ilibuniwa na mikono ileile ya kampuni ya Short, na kwa umbo ni ndugu wa Empire.

Kabla ya kugusa chupa yoyote nilitaka kuwa na hakika ya plastiki. Seti za zamani za Airfix ni polistireni, hilo nalijua, lakini nilitaka kijana alione kwa macho yake. Ncha ya propela moja ilikuwa imevunjika ikabaki ndani ya boksi. Tukaitumbukiza kwenye glasi ya maji, ikazama polepole. Tukaongeza chumvi ya jikoni, kijiko baada ya kijiko huku tukikoroga, mpaka ikainuka yenyewe na kuelea. Polistireni ina uzito wa gramu 1.05 kwa kila sentimita ya ujazo, kidogo tu kuliko maji. Polipropilini, ambayo ina 0.9, ingeelea tangu mwanzo. PVC, yenye karibu 1.4, ingebaki chini hata maji yangejaa chumvi mpaka ikatae kuyeyuka. Jaribio hili halitofautishi polistireni na plastiki ya ABS, lakini kwa kazi yetu zote mbili zina adui walewale.

Maadui hao ni thina ya magari, aseton, petroli, na dawa za kubandua rangi za dukani zenye diklorometheni. Thina ya kawaida ina toluini au ndugu zake, na toluini hupenya kati ya nyuzi ndefu za polistireni na kuzifanya ziteleze, plastiki ikawa kama ugali mbichi. Gundi maalumu ya modeli hufanya kazi kwa njia hiyohiyo: huyeyusha kingo mbili kidogo, zikashikana, kisha kiyeyusho kikapaa. Kwa hiyo aliyesugua modeli kwa thina ameipaka gundi mwili mzima. Kuna adui mwingine ambaye watu hawamtarajii: mafuta ya ganda la chungwa. Kamulia ganda juu ya kipande cha ile polistireni nyeupe ya kufungashia televisheni uone kinavyotoboka. Sabuni yoyote inayojisifu kwa nguvu ya machungwa iwekwe mbali na modeli.

Diklorometheni ina ubaya mwingine, wa binadamu. Mvuke wake umeua watu waliokuwa wakifanya kazi ndani ya bafu na vyumba vilivyofungwa, na Marekani iliamua mwaka 2019 kuwa dawa za kubandua rangi zenye kemikali hiyo zisiuzwe tena kwa wateja wa kawaida. Hata modeli ingekuwa ya chuma, mimi singeitumia nyumbani.

Tukaja kwenye rangi. Nilichukua kijiti cha pamba, nikakilowesha kwa spiriti ya kemisti, ile ya asilimia 70, nikakibandika chini ya mkia mahali pasipoonekana. Dakika tano. Rangi ya akriliki, ambayo ndiyo wengi wanaopaka wanajeshi wadogo wa michezo ya mezani hutumia siku hizi, ingekuwa imelainika na kupaka pamba. Hii haikutikisika, ilipoteza ng'aro kidogo tu. Hapo tukajua tunashughulika na enameli ya mafuta, na iliyokauka miaka 30 juu ya nyingine ya miaka 60.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wenye modeli za kawaida, kwa sababu wengi wenu hamna tatizo la kijana huyu. Kama rangi yako ni akriliki na kitu chako ni polistireni, spiriti inatosha. Loweka saa chache, sugua kwa mswaki laini, rudia. Fanyeni nje au mlangoni, kwa sababu mvuke wa spiriti hushika moto kwenye joto la chini kuliko la chumba, na ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ulipo jiko. Mvaaji wa glavu avae za nitraili. Chombo kiwe na alama ya 2 au 5 chini yake. Vikombe vingi vyenye alama ya 6 ni polistireni kama modeli yenyewe, na mwenye kukimiminia thina au aseton ataokota mguu wa meza ukiwa umenata. Na kama kitu chako ni cha resini, yaani kile cha kumiminwa kwenye kalibu, punguza muda kabisa, kwa kuwa spiriti hulainisha resini nyingi na panga la askari wako litapinda.

Dettol nayo huondoa akriliki vizuri, na iko kila duka. Ubaya wake ni maji. Ukitoa modeli kwenye Dettol na kuipeleka moja kwa moja kwenye bomba, rangi iliyolainika hugeuka utelezi unaonata kama ulimbo, unaingia kwenye kila ufa na hautoki tena kwa urahisi. Isugue ikiwa bado na Dettol, isuuze kwa Dettol safi, na maji yaje mwisho kabisa pamoja na sabuni ya vyombo. Paka asikaribie. Kemikali zilizomo humdhuru vibaya kuliko zinavyomdhuru mtu.

Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 huondoa enameli, hilo ni kweli, na vijana wengi huyapenda kwa sababu yanapatikana kituo chochote cha petroli. Mimi siyapendi. Huingia mwilini kupitia ngozi, huacha plastiki nyingine ikiwa nyepesi kuvunjika, na yakikutana na klorini ya unga ya kusafishia maji huwaka moto yenyewe. Kuhusu Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ina kazi moja nzuri: kuvua ile kromu ya kung'aa kwenye modeli za magari, kwa sababu kromu hiyo ni utando mwembamba wa alumini. Kwa rangi haisaidii. Na usiichanganye na spiriti, siki wala dawa nyingine yoyote, maana gesi zinazotoka si za kuchezea.

Kwa enameli yetu nilichagua kostiki soda, ile wanayotumia watengeneza sabuni. Sababu yake ni nzuri mno mpaka nilimchorea kijana kwenye karatasi. Enameli na gloss ni rangi za alkidi, na alkidi ni resini iliyoundwa kwa mafuta ya mimea. Kostiki hugeuza mafuta kuwa sabuni. Ikikutana na rangi hizo hufanya kazi ileile, huikata resini katika viungo vyake, rangi ikakunjamana na kuachia. Polistireni haina viungo hivyo. Kostiki huizunguka na kuiacha ilivyo.

Lakini kostiki ni kali kwa mwili kuliko kitu chochote nilichotaja katika kisa hiki isipokuwa diklorometheni. Ngozi nayo ina mafuta, na jicho halina kinga yoyote mbele yake. Nilimvalisha kijana miwani ya maabara inayofunika pande zote, glavu ndefu za mpira na aproni. Nikaweka ndoo mbili za maji safi karibu nasi kabla ya kufungua pakiti. Tone likiruka jichoni ni maji tu, maji mengi, dakika 20 bila kuacha, kisha hospitali. Kwenye ngozi pia ni maji, wala si siki. Watoto wa jirani, ambao hupenda sana kuja barazani kwangu, siku hiyo waliombwa wakae kwao.

Tulipima gramu 50 kwa kila lita. Soda ndiyo inayoingia majini, kidogo kidogo, na maji yawe baridi. Ukimimina maji juu ya soda joto hupanda ghafla na mchanganyiko ukakurukia usoni. Nikamkataza pia kutumia sufuria. Sufuria zetu ni za alumini, na alumini ndani ya kostiki hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, huku maji yakichemka bila moto. Nilisema maneno hayo kwa sauti ya ualimu, nikiwa na hakika kwamba hapakuwa na alumini popote karibu nasi.

Bawa la kushoto liliingia kwanza, kwenye mkebe wa aiskrimu wa lita nne. Bawa la kulia nilikuwa nimelitenganisha na mwili kwa wembe mwembamba, kwa sababu gundi ya zamani ilikuwa imechoka. Mpango ulikuwa tuliache mpaka asubuhi. Hata hivyo nina tabia ya kuchungulia, na baada ya kama saa moja tulifunua.

Gloss ya mjomba ilikuwa imejikunja kama ngozi ya maziwa. Kwa kuwa alikuwa ameipaka juu ya vumbi bila kusugua, haikuwa imeshika vizuri, ikaachia kabla ya rangi ya chini kuguswa. Niliinua bawa kwa koleo ya plastiki, nikaliweka chini ya maji, na shuka zima la rangi nyeupe likateleza likaanguka ndani ya beseni.

"Mwalimu," kijana akasema, "kuna maandishi."

Chini ya bawa, juu ya rangi ya fedha, palikuwa na herufi tatu nyeusi zilizoandikwa kwa brashi nyembamba: D, V na B. Kubwa, zimejaza karibu upana wote wa bawa. Nikalisuuza haraka, tena na tena, mpaka utelezi wa kostiki ukaisha kabisa. Bawa hilo tukaliacha hapo. Kisha tulilichovya bawa la kulia pia, safari hii tukisimama juu yake bila kuondoka, tukiling'oa kila baada ya dakika 10. Lilitoa kistari kati ya herufi mbili: G-A.

G-ADVB. Sunderland ya jeshi haikuwa na herufi za namna hiyo. Ni namba ya usajili wa ndege ya kiraia ya Uingereza, na hiyo ilikuwa ya Corsair, mojawapo ya Short Empire za Imperial Airways. Machi 1939, ikiwa safarini kuelekea Juba, Corsair ilipotea njia na kulazimika kutua kwenye mto mwembamba karibu na Faradje, Congo ya Wabelgiji, ikatoboka tumbo. Ilichukua miezi na miezi kuitengeneza hapohapo porini, na ikaruka kutoka mtoni mwezi Januari 1940. Mzee alikuwa amechukua Sunderland ya vita na kuigeuza kuwa ile ndege iliyopotea. Hakuna aliye hai nyumbani kwao aliyekuwa akijua.

Nakiri nilikaa kimya muda. Tulikuwa saa chache tu mbali na kuzifuta herufi hizo. Rangi ya babu ni alkidi kama ya mjomba, na kostiki haibagui. Tungelala, tungeamka na plastiki safi na beseni la tope jeusi, tukafurahia kazi nzuri. Tangu siku hiyo modeli ya mtu mwingine siiloweki usiku kucha kwa mara ya kwanza, hata nikiwa na hakika kiasi gani.

Mwili wa ndege haukuwa na maandishi yoyote tuliyoweza kuyapata kwa kukwangua polepole sehemu nne kwa kijiti cha meno. Ulikuwa umeharibika zaidi pia, na gloss yake nene kuliko ya mabawa. Kijana alimpigia mama yake, wakaongea kwa Kijaluo kwa muda, akarudi na jibu: mwili tuendelee, mabawa tusiguse mpaka aje.

Siku iliyofuata nilikata mdomo wa jerikeni la lita 10, nikatengeneza lita sita za kostiki, tukausimamisha mwili ndani yake pua chini. Tulikuwa uani, kivulini, upepo wa ziwani umeanza. Dakika 20 hivi baadaye kijana aliona mapovu.

Yalikuwa yakitoka kwenye mshono chini ya pua, madogo, mfululizo, kama soda iliyofunguliwa. Mwanzoni nilidhani ni hewa inayotoka ndani ya tumbo. Hewa ingetoka ikaisha. Haya yaliongezeka. Nikagusa nje ya jerikeni upande wa pua kwa mgongo wa glavu, na palikuwa na uvuguvugu. Hapo nikaelewa: ndani ya ndege ya mzee kulikuwa na alumini.

Nilimwambia kijana arudi nyuma na asiruhusu mtu yeyote mwenye kiberiti au sigara apite. Nikautoa mwili kwa koleo, nikaulaza kwenye beseni la maji baridi, nikaacha bomba likitiririka juu yake. Mapovu yalipungua kisha yakaisha. Mshono ulikuwa tayari umeachia upande mmoja, kwa hiyo niliufungua kwa kisu kisicho na makali, na tope la kijivu likamwagika pamoja na misumari tisa.

Ndege za modeli zenye mkia mzito huinua pua zikikaa mezani, na wajenzi huweka uzito mbele ili zitulie. Mzee aliweka misumari, na ili isigonge akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti za sigara. Karatasi ile ni alumini. Kostiki ilipenya kwenye mshono, ikaikuta, ikaila. Kama tumbo lingekuwa limezibika vizuri zaidi gesi ingekosa njia na kuupasua mwili, au kuturushia kostiki ya moto. Kama tungekuwa jikoni, karibu na jiko la gesi, nisingependa kufikiria.

Kosa hili ni langu, na nalieleza kwa ukamilifu kwa sababu sijaona mtu akilitaja. Mimi niliuliza plastiki ni ipi, nikauliza rangi ni ipi, nikasahau kuuliza kuna nini ndani. Sasa naitikisa kila modeli karibu na sikio. Napitisha sumaku juu yake. Sumaku haishiki alumini, lakini ingeshika misumari ile, na misumari ingenifanya nijiulize imefungwa na nini. Modeli yenye kitu chochote tumboni hufunguliwa kwanza, au hutibiwa nje tu kwa kostiki iliyokorogwa na wanga wa mahindi mpaka ikawa uji mzito unaokaa ulipopakwa.

Mwili ukiwa umefunguka kazi ilikuwa rahisi kuliko tulivyopanga. Nusu mbili ziliingia kwenye jerikeni zikiwa tupu, gloss ikatoka siku hiyohiyo, rangi ya fedha ikatoka baada ya kuloweka mara ya pili. Mswaki na sabuni ya vyombo vilimaliza kwenye kona. Plastiki ya mwaka 1959 ilitokea ikiwa na kila ribiti aliyoichonga mtengeneza kalibu, kijana akawa anapitisha ukucha juu yake bila kusema neno. Vioo vya rubani tulikuwa tumeving'oa mapema. Vioo hivyo sikuviweka kwenye kostiki wala spiriti, kwa sababu plastiki angavu hupata nyufa za nywele kwa urahisi na ufa wa kioo hauna dawa. Gloss iliyokuwa kwenye kingo zake niliibandua kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, jioni mbili nzima.

Boya lililoyeyuka tuliliacha. Ndiyo dawa yake. Plastiki iliyolainishwa na thina hurudi kuwa ngumu kiyeyusho kikishapaa, na anayeihangaikia mapema huikunja zaidi. Lilikaa dirishani wiki mbili. Kisha tulilisugua kwa msasa mwembamba likiwa limelowa maji, tukajaza mashimo kwa unga wa plastiki ileile uliokorogwa na gundi ya modeli, tukasubiri tena, tukasugua tena. Msasa ulikuwa wa maji kwa sababu moja zaidi: rangi za zamani, hasa za njano na nyekundu, mara nyingi zilikuwa na risasi, na vumbi lake halifai kuingia kwenye pafu la mtu wala kwenye godoro la mtoto.

Risasi hiyohiyo ndiyo iliyonifanya nisimwage maji yetu. Mfereji wa karibu na kwangu huingia Mto Auji, na Auji huingia ziwani, mahali ambapo jirani yangu hununua samaki. Kostiki iliyotumika huweza kubeba risasi ikiwa imeyeyuka, kwa hiyo kuiona safi si dalili ya kitu. Niliitia siki polepole, nikipima kwa karatasi ya litimasi mpaka ikatulia katikati, na tope zaidi likashuka chini. Nikachuja kwa kitambaa. Maji yaliyobaki nikayaweka kwenye beseni la plastiki juani, nimelifunika kwa wavu, na jua la Kisumu likayamaliza kwa siku chache. Kilichobaki, pamoja na kitambaa na maganda ya gloss, kiko ndani ya kopo lililofungwa na kuandikwa, juu ya rafu ambayo watoto hawaifikii. Kopo hilo halijajaa hata robo, na ni mkusanyo wa kazi za miaka kadhaa.

Mama yake alikuja Jumamosi. Nilikuwa nimeyalaza mabawa mawili juu ya taulo nyeupe mezani, sehemu ya chini ikitazama juu, moja kando ya lingine ili herufi zisomeke kwa mpangilio. Alivua viatu mlangoni, tukasalimiana, akakataa chai kwanza. Akainama juu ya meza.

"Hiyo V," akasema, "ni mkono wa Baba. Aliiandika hivyo hata kwenye magunia ya mahindi. Ona mkia wake."

Mkia upo kweli, mkono mmoja wa herufi umepindwa kidogo mwishoni. Mimi nilikuwa nimeuona nikadhani ni brashi iliyoteleza.

Kijana akamweleza habari ya Corsair, ya mto na miezi ya kukwama porini, akisimulia kwa mikono yote miwili. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama rangi ya fedha ya zamani inaweza kupatikana ili mwili ufanane na mabawa. Nikamwambia inaweza kukaribiana, haiwezi kuwa ileile, kwa sababu ile ya mzee imezeeka miaka 60 na ya dukani itakuwa mpya.

"Basi muipake hiyo mpya mwilini," akasema. "Mabawa yabaki yalivyo. Wala msiyapake vanishi."

Misumari tisa aliomba apewe. Tuliisafisha kutu, tukaipaka mafuta kidogo, na safari hii tuliifunga kwa utepe wa kitambaa kabla ya kuirudisha puani na kuunganisha nusu mbili za mwili. Zimefungwa kwa mipira ya nywele sasa, gundi inakauka, na kijana amesema atapita Jumapili akitoka Kibuye.